Malkia Ndani ya Mashine ya Bwana Rula

Siku waliyokutana, printa kubwa ya duka la kuchapisha ilikuwa imemeza ramani ya nyumba ya watu na kugoma kuitapika. Ilikuwa mwisho wa mwezi, duka limefurika: wanafunzi na tasnifu zao, mama mmoja na boksi la kadi za harusi, wengine na mabango ya uchaguzi wa chama chao, kila mtu anataka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Katikati ya msongamano huo kijana mmoja mrefu, shati la mistari limechomoka upande mmoja, rula ya chuma imechungulia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, alikuwa anaipiga printa makofi.

"Hata ningekuwa mimi hiyo mashine, nisingekutolea kitu," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa msichana wa blauzi ya kijani iliyopigwa pasi ikanyooka, kitambulisho cha hospitali kinaning'inia kifuani, na bisibisi ndogo amejichomeka kwenye nywele mahali ambapo wenzake huchomeka kibanio.

"Dada, mteja wangu ananisubiri."

"Na mashine inasubiri uiombe radhi. Sogea."

Akazima swichi, akafungua kifuniko cha ubavuni, akaingiza vidole viwili na kuivuta karatasi taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ramani ikatoka nzima, ila pembeni palikuwa na mkunjo.

"Jiko limepinda kidogo," alisema.

"Haidhuru, mwenye nyumba hapiki." Kijana akainama kusoma kitambulisho. "Kumbe ni daktari?"

"Wa kompyuta za hospitali. Watu nawaachia wenyewe."

"Basi, Dokta, naomba namba yako ya simu. Mgonjwa akizidiwa nikupate wapi?"

"Mgonjwa ni wa duka hili, si wako."

"Mimi ndiye niliyepata mshtuko, Dokta. Niguse mapigo uone."

Dokta akacheka, na hapo ndipo alipojiponza. Mwanamke akishacheka na mwanamume asiyemjua mbele ya foleni nzima, namba ya simu ameshaitoa, kimebaki kuitaja tu.

Basi wakawa marafiki. Hilo ndilo neno walilolichagua, na walilishikilia kwelikweli. Kijana alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, akifanyia kazi nyumbani kwa shangazi yake aliyemlea tangu mdogo. Dokta alimbandika jina la Bwana Rula kwa sababu hakuwahi kumwona bila rula ile mfukoni. Asubuhi simu ililia.

"Umeamkaje, Dokta wangu?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu printa. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa nikifika kazini."

"Kunywa sasa hivi, nasubiri hapa hapa kwenye simu."

Naye alikunywa, simu sikioni, na huko upande wa pili Bwana Rula akisikiliza anavyopuliza kikombe. Marafiki gani hao? Lakini ukimuuliza Dokta angekula kiapo kwamba ni rafiki tu, na usiku ule ule angejilaza akifikiria mabega ya rafiki. Alimpenda. Alishajua kuwa anampenda, na alichokiogopa ni kimoja: akifungua mdomo na kumbe mwenzake hana habari hiyo, atamkosa mpenzi na rafiki kwa pamoja. Kwa hiyo alinyamaza, akaendelea kunywa chai kwa simu.

Siku moja Bwana Rula alipiga simu, sauti ikiwa imempooza.

"Dokta, nimekwisha. Programu mpya ya kuchorea imekataa kuingia kwenye kompyuta yangu. Inaniambia mfumo wangu ni wa kizee."

"Si nilikwambia? Mfumo huo waliotengeneza wenyewe wameshausahau. Tunaufuta, tunaweka mpya."

"Kufuta? Na michoro yangu?"

"Kabla sijafuta natoa nakala ya kila kitu. Kila kitu, Bwana Rula, hata takataka. Tena natoa nakala mbili. Hospitali nzima wananicheka kwa hilo."

"Njoo Jumamosi, basi. Nitakupikia."

"Unapika?"

"Nitamwomba Shangazi anipikie nikupikie."

Jumamosi asubuhi Dokta alibadilisha nguo mara tatu kwa ajili ya kwenda kuweka mfumo kwenye kompyuta. Mwishowe alivaa gauni la bluu lenye mifuko, akajitia moyo kuwa ni kwa sababu ya mifuko. Sebule ya nyumba ile ilikuwa imegawanywa kwa pazia la maua. Upande wa dirishani kulikuwa na meza ya michoro na kompyuta, upande wa pili cherehani ya Shangazi, vitambaa vimepangwa hadi darini. Shangazi mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, futi ya kupimia imening'inia shingoni na pini tatu mdomoni. Alimsalimia bila kuzitoa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayenyweshwa chai kwenye simu?"

Dokta aliona haya mpaka masikio yakawaka. Bwana Rula akaokolewa na simu yake, au labda ndiyo iliyomharibia siku, maana mteja mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba mafundi wanachimba msingi wake upande wa jirani.

"Wameigeuza ramani juu chini!" Bwana Rula alisema, tayari ana kiatu kimoja mguuni. "Dokta, nenosiri langu nimekuandikia hapo. Nakuachia nyumba."

"Nenda. Nikikwama nitakupigia."

"Piga hata usipokwama."

Akatoka mbio. Dokta akatabasamu peke yake, akawasha kompyuta. Na hapo kwenye kioo, kabla hata hajaandika herufi moja, akaona vitu viwili vinavyomsubiri. Kimoja kilikuwa duara lenye picha ya rula: hiyo ni sehemu ya mwenyewe. Chini yake lilikuwepo duara jingine lenye picha ya midomo ya mwanamke iliyopakwa rangi nyekundu, nalo limeandikwa *Malkia Wangu*.

Aliligusa. Likamwomba nenosiri ambalo hakupewa.

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa ikikimbia na kusimama. Kwa hiyo alikuwepo. Alikuwepo mwanamke mwenye midomo yake na nenosiri lake, anayekaa kwenye kiti hiki hiki, na yeye Dokta ni fundi tu, wa kuitwa Jumamosi. Si alikuwa na simu mfukoni? Na mwenye nyumba si yuko pale pale, hatua chache tu nyuma ya kitambaa cha maua? Angeuliza neno moja tu tungeishia hapa tukaenda zetu. Lakini mtu mwenye wivu haulizi, anaogopa kujibiwa.

Akachukua diski yake ya nje, akahamisha michoro ya Bwana Rula yote, akahakiki, akatoa nakala ya pili kama desturi yake. Kisha akafika kwa Malkia. Nenosiri halikumsumbua, angeweza kuichukua sehemu ile nzima na kufuli lake. Mkono ulikuwa juu ya kipanya.

"Huyo si mteja wangu," alijisemea.

Akampita. Mashine ikamuuliza, kama zinavyouliza zote, kama ana uhakika anataka kufuta vyote vilivyobaki. Dokta, ambaye miaka yote amewafokea manesi na makarani wasibonyeze jambo wakiwa na hasira, akabonyeza akiwa na hasira.

Mfumo mpya uliingia vizuri mno. Rangi zikang'aa, programu ya kuchorea ikafunguka bila kukohoa. Alikuwa anarudisha michoro mahali pake pazia lilipofunuliwa, Shangazi akaingia na sinia la chai.

"Ee, imekuwa kama televisheni! Haya, mwanangu, ukimaliza nifungulie na mimi pale kwangu, nina mteja anakuja."

"Kwako wapi, Shangazi?"

"Pale kwenye Malkia." Shangazi akacheka, pini zikamtikisika mdomoni. "Mpwa wangu ana maneno. Siku aliponitengenezea aliniuliza aandike nani, nikamwambia andika malkia, hii nyumba ina malkia mwingine? Akaniwekea na midomo. Vipimo vya wateja wangu vyote vimo humo. Kuandika macho hayataki, basi nasema kwa sauti, yenyewe inanasa. Mpaka vya bibi harusi wa mwezi huu na wasimamizi wake. Kitambaa hiki hapa, nakata Jumatatu."

Dokta alipokea kikombe. Chai ilikuwa mkononi na hakuiona.

"Mashine... bado inajipanga, Shangazi."

"Ijipange. Kunywa chai."

Hakunywa. Alisema ameitwa hospitali, akabusu mkono wa mama wa watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, na akatoka akiwa amesahau bisibisi mezani. Njiani alizima simu.

Jumapili nzima simu ilikuwa imezimwa. Jumatatu alijificha kwenye chumba chake kazini, kilichojaa nyaya na kompyuta zilizofumuliwa, akamweleza mwenzake anayefanya naye kazi, mzee mmoja mcheshi ambaye hospitali nzima walimwita Babu Nyaya.

"Sasa unalia nini?" Babu Nyaya alisema. "Sema diski ilikuwa mbovu. Diski hufa kila siku. Nani atakupinga, fundi cherehani?"

"Hakuna."

"Basi limekwisha."

Halikwisha, kwa sababu saa ile ile mlango uligongwa, na Bwana Rula akaingia na kompyuta yake ameikumbatia kifuani, shati limelowa jasho. Babu Nyaya alitazama huku, akatazama kule, akakumbuka kuwa ana kazi wodini.

"Dokta! Siku mbili nakupigia! Nilifikiri umegongwa na gari. Shangazi amekuudhi? Mimi nimekuudhi?"

"Hapana."

"Basi umenitisha bure." Akaiweka kompyuta mezani, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alikuwa anamtazama kwa upole ule ule uliomfanya Dokta anywe chai asiyoitaka. "Sikiliza, usihuzunike. Sehemu ya Shangazi imepotea, nimeshaona. Nikamwambia, Shangazi, yule binti anatoa nakala hata za takataka, ikimshinda yeye basi diski yenyewe ilikuwa mbovu. Ndivyo, sivyo?"

Uongo ulikuwa umeletwa mpaka mezani, umemenywa, kilichobaki ni kuumeza. Angeitikia kwa kichwa tu. Wangecheka, wangelaumu diski, jioni angepigiwa simu. Na kila asubuhi baada ya hapo angekunywa chai na mtu aliyemwamini bure.

"Diski ni nzima," alisema. "Sikuitolea nakala."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Niliiona. Niliacha makusudi."

Bwana Rula alikunja uso, si kwa hasira bado, kwa kutoelewa. "Kwa nini?"

Hapo ndipo alipobanwa kweli. Kosa lile halikuwa na maelezo mengine duniani isipokuwa moja, na hilo moja ndilo alilolificha tangu siku ya printa. Dokta akapiga moyo konde.

"Kwa sababu iliandikwa Malkia Wangu. Nikadhani ni mwanamke wako. Nikaona wivu, nikamfuta. Nakupenda, Bwana Rula. Nakupenda vibaya, ndiyo nimekwambia, na nimeharibu kazi ya shangazi yako kwa sababu hiyo."

Feni ya kompyuta moja ililia pembeni. Furaha na ghadhabu vilimpanda Bwana Rula kwa wakati mmoja, na ghadhabu ikafika kwanza.

"Ungeniuliza," alisema polepole. "Neno moja tu. Shangazi amenilea kwa cherehani ile, Dokta. Kitambaa cha watu kiko mezani hakijui pa kukatwa. Na wewe unaniambia unanipenda leo, hapa, hivi?"

"Sikuwa na siku nyingine."

Akaichukua kompyuta yake akaondoka. Hakuaga.

Dokta alilia kidogo, akanawa uso, akaomba ruhusa ya nusu siku. Kuna aibu za kujificha nazo na kuna za kuzipeleka kwa mwenyewe. Alimkuta Shangazi ameketi mbele ya cherehani iliyonyamaza, kitambaa cheupe kimemlala mapajani. Akapiga magoti pale chini penye vipande vya nguo, akasema yote, pamoja na la wivu. Hakumung'unya neno.

Shangazi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Ilikuwa mara ya kwanza Dokta kumwona mdomo mtupu.

"Yaani mimi," Shangazi alisema, "na uzee huu, na magoti haya, nimeonewa wivu?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Nyamaza kwanza, niache nifurahi." Akafurahi kidogo, kisha uso ukakaza. "Sasa sikia. Umenitia hasara na umenipa kazi mara mbili. Ungekuwa wangu wa kumzaa ningekuchapa na hii futi. Bibi harusi yuko safarini, harudi mpaka siku chache kabla ya shughuli. Chukua simu. Utawapigia wote, utawaomba radhi wote, na usiseme mashine. Sema wewe."

"Nitasema mimi."

Akasema yeye. Kila jioni akitoka kazini alikwenda moja kwa moja upande ule wa pazia, akapiga simu, akapokea matusi mawili matatu, akawapokea wateja mlangoni na kuwashikia mikoba huku wakipimwa upya. Bibi harusi mwenyewe alitafuta fundi huko aliko, akapimwa, vipimo vikasomwa kwa simu huku Shangazi akifoka, "Mwambie avute pumzi, asidanganye kiuno!" Dokta alijifunza kushona vifungo. Alijichoma sindano mara nyingi kuliko alivyoshona.

Bwana Rula alikuwa upande wake wa pazia akichora. Siku za mwanzo hakusema kitu. Kisha zikaanza kusikika sauti.

"Nani aliyepika chai hii?"

"Fundi," Shangazi alijibu.

"Haina sukari."

"Fundi hana raha, sukari ataitoa wapi?"

Siku iliyofuata kikombe kilipita chini ya pazia, kimesukumwa kwa rula, chai ya moto yenye sukari nyingi kupita kiasi. Dokta alikishika kwa mikono miwili. Alisikia kiti kikikwaruza kule upande wa pili, halafu simu yake ikalia mfukoni.

"Kunywa," sauti ilisema, sikioni na nyuma ya pazia kwa pamoja. "Nasubiri hapa hapa."

"Bado umenikasirikia?"

"Sana. Nimejaribu kuacha kukuwaza nimeshindwa, hilo ndilo linaloniudhi zaidi."

"Hukunijibu siku ile."

"Nilikuwa na hasira. Ningekujibu kwa hasira ungedhani natania."

"Na leo?"

Pazia likatikisika lakini halikufunguka. "Kunywa chai kwanza, Dokta wangu," alisema, na safari hii Dokta hakumuuliza wake tangu lini.

Gauni la bibi harusi lilitoka siku yake, likaja kuchukuliwa kwa vigelegele. Jumamosi ile ile Shangazi alifagia vipande vya kitambaa, akaifungua sehemu yake mpya kwenye kompyuta, ambayo Dokta alikuwa ameitengeneza upya na kuitolea nakala nne kwa woga, akamwita.

"Simama hapa kwenye mwanga. Inua mikono."

"Mimi, Shangazi? Ya nini?"

"Inua, nimesema."

Akainua. Shangazi akampitishia futi kifuani, akasema namba kwa sauti, mashine ikanasa. Mabegani, akasema. Kiunoni, akasema, na kuongeza kuwa huyu hali vizuri. Bwana Rula, aliyekuwa akichonga penseli, alisimama akachungulia.

"Unamshonea nini?"

"Nakuuliza wewe," Shangazi alisema bila kugeuka. "Kiuno nimepata. Sasa urefu, siwezi kupima urefu bila kujua ni nguo ya nini. Ya kwendea kazini ni hapa gotini. Ya kutembelea ni hapa. Sema basi, mkono unaniuma."

Bwana Rula alishika penseli na kichongeo, hajui aviweke wapi. Dokta naye alikuwa ameinua mikono kama aliyekamatwa na askari, hawezi hata kujifuta jasho la juu ya mdomo.

"Shangazi, ungetuacha kidogo..."

"Siendi popote. Nilishafutwa humu ndani mara moja, safari hii nakaa nione kwa macho."

Bwana Rula akaweka vitu chini. Akalifunua pazia lote mpaka mwisho wa waya, akaja akasimama mbele ya Dokta, karibu kuliko marafiki wanavyosimama.

"Siku ile hospitali ulisema lako mbele ya nyaya na mimi nikakimbia," alisema. "Nakupenda. Nilikupenda ukiwa umeingiza vidole kwenye printa. Nilisema rafiki kwa sababu nilikuwa mwoga kuliko wewe, na wewe ulikuwa mwoga vya kutosha. Nataka kukuoa, Dokta. Ukinikubali." Akamgeukia Shangazi. "Ni ya harusi, Shangazi."

"Ya kwako nimesikia," Shangazi alisema, futi imeshikwa begani kwa Dokta, mwisho wake unaning'inia. "Mwenye mwili hajasema. Mwanangu, nikate wapi?"

Dokta alitazama futi. Akatazama uso wa yule mwanamume aliyemtia hofu na raha kwa miezi yote ile, na machozi yakamtoka mikono ikiwa bado juu.

"Mpaka chini, Shangazi," alisema. "Iburute."